Fimbo Iliyolazwa Kando ya Njia

Sajini Fortunata alitaka matembezi yarudiwe. Yarudiwe yote tangu mwanzo, kila mtu mahali pake, na alichoshika mtu Jumapili iliyopita akishike tena. Bosi wake pale kituoni alicheka mpaka akafuta machozi, akamwuliza kama upelelezi wa Sumbawanga sasa umegeuka chama cha ngoma. Lakini alimpa siku moja, Jumapili. Jumatatu asubuhi jalada lilikuwa linakwenda mahakamani na Masunga anakwenda rumande kwa kosa la kujaribu kuua. Na kama Alfonsi angekata roho kule hospitali alikolazwa bila fahamu, kosa lingebadilika jina, na kwa kosa la jina hilo mtu hunyongwa.

Basi Jumapili, umande haujakauka, uwanja mdogo wa Majengo ulikuwa umejaa fulana za kijani. Ungedhani ni harusi. Sufuria zilikuwa zimepakiwa, mbuzi analalamika kwenye gari, wazee wamevaa raba za mitumba zilizopita kiasi cha miguu yao, na ngoma mbili zimeanza kujijaribu zenyewe. Polisi wameomba klabu ipande mlima kwa amri ya serikali. Jambo kama hilo lilikuwa halijawahi kusikika Ufipa, na hakuna aliyetaka kulikosa. Watu walikuwa na majonzi ya Alfonsi, ni kweli, lakini miguu ina furaha yake yenyewe, haisubiri ruhusa.

Huyo Alfonsi ndiye aliyeianzisha klabu. Alikuwa karani wa shirika moja la umma, na shirika lilipovunjwa akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Zama zile za ruksa kila mtu alikuwa anafungua kitu: huyu duka, yule mashine ya kukoboa, mwingine kanisa. Alfonsi akafungua klabu ya kutembea. Kila mwezi wanapanda milima ya Mbizi kwa mstari, wanakwenda mpaka kwenye tanuru la kale ambamo mababu waliyeyusha chuma, na pale wanakutana na watu wa vijiji vya karibu, wanapika, wanacheza, wanarudi. Mjini waliitwa wazururaji wenye katiba. Hawakujali. Walimpokea kila mtu, hata Masunga, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake ubavuni mwa mlima miaka michache nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa anajua vijia vya msitu kuliko wote, na kwa hiyo wakampa kazi ya kuongoza.

Sasa Masunga alikuwa amesimama kando ya gari, pingu mkononi, amefungwa pamoja na Konstebo Leonsi kama ng'ombe wawili wa jembe. Mrefu, mkimya, shuka begani. Leonsi, ambaye alikuwa mfupi, alilazimika kuinua mkono kila Masunga alipojikuna kichwa.

Fortunata aliwapanga. Mbele wapiga ngoma na waimbaji, katikati wanawake wenye vyakula, nyuma wazee na wazito wa kutembea. Mwalimu Kasmir, makamu mwenyekiti, mzee mwenye mdomo usiotulia, kwa kanuni za klabu alitakiwa kuwa wa mwisho ili asipotee mtu.

"Lakini Jumapili ile mwalimu hukuwa wa mwisho," alisema Fortunata.

"Mwanangu, walikuwa wanauharibu wimbo kule mbele. Ningevumilia?"

"Kwa hiyo nyuma kabisa alibaki nani?"

Kasmir aliacha mzaha. Alimwangalia Masunga, akaangalia chini. Nyuma kabisa alibaki Masunga, aliyeacha kuongoza akarudi kushika nafasi ya mwalimu.

Hapo ndipo kesi yenyewe ilipokuwa imekaa, na ilikuwa imekaa vizuri. Jumapili ile, walipoingia msituni, Alfonsi aliuacha mstari wa mbele akarudi nyuma kuangalia wachovu, kama ilivyokuwa desturi yake. Hakuonekana tena. Watu walifika kwenye tanuru, wakapika, wakamsubiri. Ndipo muuguzi mmoja mwanachama, Hellena, aliporudi na wenzake kumtafuta wakamkuta chini ya korongo, karibu na kona ya mwamba, kichwa kimepasuka. Pembeni yake ilikuwepo fimbo ya Masunga, ina damu kwenye rungu lake. Na Masunga mwenyewe kwa kitambo kizuri alikuwa hayupo njiani. Alitokea baadaye kichakani, mikono mitupu, anauliza nani amechukua fimbo yake.

Kituoni walimwuliza aliondoka njiani kwa sababu gani. Akajibu, heshima. Heshima ya nini? Akanyamaza. Wakamwuliza kwa upole, wakamwuliza kwa ukali, jibu likawa hilohilo. Askari wakacheka, wakaandika. Fortunata alidhani ameelewa: mtu alikwenda haja, na anaona aibu kulitamka mbele ya sajini mwanamke. Akatoka chumbani, akamwachia Leonsi amwulize kiume. Leonsi alitoka anatikisa kichwa. Si haja.

Halafu Alhamisi akaja Isdori, mwenyewe, bila kuitwa. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Majengo, mnene, mchangamfu, mwenye duka la misumari, mabati na mbao, na gari la vyakula vya klabu lilikuwa lake. Alisema dhamiri inamsumbua. Katika maelezo ya kwanza alisema alikuwa mbele na ngoma wakati wote, na alikuwa mbele, ila alisimama kidogo kwenye kona ya mwamba kufunga kamba ya kiatu. Hapo akamwona Masunga amesimama na mama mmoja wa Kisukuma mwenye kibuyu cha maziwa, wanazungumza kwa sauti ya chini. Yeye akaendelea na safari. Alikuwa hataki kumchongea mtu, lakini Alfonsi ni ndugu yake.

Fortunata alishika hilo kwa mikono miwili. Shahidi mpya, au mshirika wa mhalifu. Ijumaa akapanda kwenye maboma ya wafugaji mpaka akampata: Mama Ngeleja, mwanamke wa makamo, mkavu, anayeshuka mjini kila mara kuuza maziwa. Mama alimkaribisha vizuri, akakubali kwamba Jumapili ile alikutana na watu wa fulana za kijani, akawasifu kwamba wanasalimia. Lakini alipoulizwa juu ya Masunga alijifunika uso kwa kanga. Alisema huyo hawezi kumzungumzia. Umemwona au hukumwona? Hawezi kumzungumzia. Fortunata alirudi mjini ana uhakika kwamba mama anaficha jambo. Ndiyo maana akamwomba, naye akakubali, kwamba Jumapili ashuke njia ileile, na kibuyu kilekile, kwa saa ileile ya jua.

Huo ndio mtego aliokuwa ameutega, na hakumwambia mtu.

*

Walipanda. Jua lilipasua ukungu, uwanda wote wa Ufipa ukafunuka nyuma yao, mashamba yenye vilima vya majani yaliyofukiwa, vijiji vidogo, na njia nyekundu inayokwenda Mpui ambako Fortunata alizaliwa. Ngoma ziliita, watu wakaitikia. Hata askari mwenye bunduki alionekana anachezesha bega. Kasmir alipita kila safu akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Mwanamke mmoja alimwuliza Leonsi kama ameoa, maana leo amefungwa tayari, imebaki shela tu. Leonsi akasema yeye yuko kazini. Masunga, kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, alitabasamu.

Njiani Fortunata alimdadisi Isdori juu ya ugomvi uliotokea kabla ya safari ile. Alikuwa ameusikia kwa wengi. Isdori alitaka mwezi huu klabu isipite msituni, ipite Malonje kwenye majani matupu. Alfonsi alikataa. Kulikuwa na wageni kutoka Kirando, watu wa ziwani, na alikuwa amewaahidi kuwaonyesha mbega juu ya miti.

"Ugomvi gani tena, afande," alisema Isdori, akivua kofia yake ya pama kujipepea. "Nilihofia utelezi. Mimi na uzito huu nikianguka, nani atanibeba?"

Akacheka, na waliokuwa karibu wakacheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kuchekesha. Fortunata naye alicheka. Alikuwa hana neno juu ya Isdori. Alimwacha aende mbele kwa waimbaji, mahali pake.

Msitu ukawameza. Njia ikawa nyembamba, mtu mmoja mmoja, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine kichaka kizito. Ngoma zikasikika kama ziko ndani ya chungu. Fortunata alisimama kwenye kona ya mwamba, mahali ambapo kijia kidogo kinajitenga kushuka korongoni, akamwita Masunga na Leonsi wasogee. Alikuwa amemkabidhi Masunga fimbo nyingine ya mfano wa ile. Ile yenyewe ilikuwa kituoni, imefungwa kwenye gazeti. Aliwaamuru waje taratibu, kama siku ile. Kasmir na wazee wachache wakasimama nyuma kutazama, na askari mwenye bunduki pembeni yao.

Wa mbele walikuwa wamekwisha kupinda, hawaonekani. Kutoka huko juu zikaja salamu, makofi ya Kifipa, kicheko, watu wakimpisha mtu. Halafu kwenye njia, kibuyu kichwani, akatokea Mama Ngeleja.

Masunga alimwona. Aliinama, akailaza fimbo kando ya njia, polepole, kama anayelaza mtoto aliyesinzia. Kisha akaruka kichakani na Leonsi wake.

Konstebo wa watu hakupata hata nafasi ya kushangaa. Mkono ulikwenda, mwili ukafuata. Kofia ya polisi ilibaki njiani ikizunguka. Matawi yalivunjika, mtu akaguna, Kasmir akasema mama yangu, na askari mwenye bunduki tayari alikuwa ameinua.

"Shusha hiyo," alisema Fortunata. "Shusha. Leonsi, uko wapi?"

Matawi yalitikisika.

"Niko hapa, afande," ilijibu sauti ya mtu mwenye majani mdomoni. "Hakimbii. Amekaa tu."

"Amekaa vipi?"

"Amechuchumaa. Amejifunika shuka. Ananiambia na mimi nigeuke."

Fortunata aliiangalia fimbo. Mtu anayetoroka hutupa alichoshika, au hukishika zaidi apate kupigana nacho. Halazi. Akainua macho kwa Mama Ngeleja. Mama alikuwa amesimama pale pale, amegeukia ukuta wa udongo, kanga imefunika uso, mkono mmoja umeshika kibuyu. Alikohoa kidogo, makusudi, kama mtu anayebisha hodi.

Fortunata alimfuata, akasimama karibu naye, akapunguza sauti.

"Shikamoo mama. Yule aliyeingia kichakani ni nani kwako?"

Mama Ngeleja aliuambia ukuta: "Amemwoa Sayi wangu."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kasmir alipiga paja. Alisema hata Wafipa wanamheshimu mkwe, lakini wao hupiga makofi, huinama, maisha yakaendelea. Wenzao hawa mama mkwe akija njia hii, mkwe anahama njia. Hawaonani, hawasemezani, hawatajani kwa jina, na mwanamume habaki na fimbo mkononi mbele ya mama aliyemzaa mkewe. Amewahi kufundisha Usukumani, ameyaona, akasahau. Alionekana anajilaumu kweli.

Kwa hiyo mtu alikuwa amejibu swali tangu siku ya kwanza. Heshima. Wakamwandika, wakamcheka, wakamfunga. Na Fortunata, ambaye alimpandia mama wa watu mpaka bomani kumwuliza habari za mkwewe, sasa alijua ile kanga ilikuwa inaficha nini. Ilikuwa haifichi kitu.

Hakupoteza muda kujuta. Kulikuwa na jambo jingine limesimama mbele yake, kubwa kama ng'ombe. Alimnong'oneza askari aende juu akamwite Isdori, amwambie tu kwamba sajini anataka kuonyeshwa mahali. Asimwambie kingine. Kisha akawaomba Kasmir na wazee wanyamaze, ombi zito kwa Kasmir, na Mama Ngeleja asogee nyuma ya mwamba na kibuyu chake. Kichakani Leonsi aliambiwa atulie. Alijibu kwamba hana pa kwenda.

Isdori alishuka akihema, jasho linamtiririka chini ya pama, uso wa mtu anayependa kusaidia. Alikuwa hajaona lolote. Ngoma za mbele zilikuwa zinalia muda wote.

"Bwana Isdori, nisaidie. Siku ile ulimwonea wapi Masunga na yule mama?"

"Hapa hapa, afande." Akajisogeza mahali pazuri, akapanga watu wa hewani. "Mama alisimama hivi. Masunga hivi, wanatazamana. Mama akatua kibuyu, akampa. Jamaa akanywa, akafuta mdomo. Wakashikana mikono. Wakaanza kucheka, unajua, kicheko cha watu wenye lao. Nikasema moyoni, hawa wana jambo."

"Wakacheka."

"Walicheka sana."

Mzee mmoja nyuma alishindwa kujizuia, mlio ukamtoka puani. Kasmir alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Isdori aliwaangalia, naye akatabasamu, kwa mazoea, bila kujua anatabasamia nini.

"Bwana Isdori," alisema Fortunata, "yule mama ndiye aliyemzaa mke wa Masunga."

Isdori alikuwa ameuza mbao na mabati kwa Wasukuma. Hakuwa mgeni wa mambo yao. Tabasamu lilibaki usoni kidogo, halina mwenyewe, kisha likaondoka.

"Basi nitakuwa nimechanganya. Labda alikuwa mama mwingine."

"Labda. Lakini kwamba mama mwenye kibuyu alisimama hapa, ulijuaje? Waliokuwa mbele walikutana naye kule juu. Wewe umemweka hapa kwenye kona, na hapa ndipo alipokuwa Masunga ameingia kichakani. Kwa hiyo hapa ulikuwepo. Ulichoona hujasema, na ulichosema hukuona."

Mama Ngeleja alitoka nyuma ya mwamba. Sasa hakuwa amejifunika. Alimtazama Isdori kuanzia viatu mpaka kofia, bila haraka, kama anayepima ndama mnadani.

"Mama," alisema Fortunata, "siku ile ulipoiona fimbo hapa ulifanya nini?"

"Nilijua yupo karibu. Nikakohoa, nikageukia ukutani, nikangoja asogee mbali ndipo nipite." Akamwonyesha Isdori kwa kidevu. "Huyu akaja kutoka juu, nyuma yangu. Wenzake wote walinisalimia, hata watoto. Huyu akanipita kama anapita gogo. Akaokota fimbo, akashuka na kijia kile."

"Mama, mbona Ijumaa hukuniambia?"

"Uliniuliza habari za yule. Za mwenye kofia hukuniuliza."

Ngoma za juu zilikuwa zimenyamaza. Watu wa mbele, kwa kuona Isdori ameitwa na harudi, walikuwa wanarudi, fulana za kijani zinajazana kwenye kona, kila mmoja anauliza kuna nini na kila mmoja anaambiwa anyamaze. Isdori aliwaona. Hao ndio watu aliowabebea sufuria na sukari mwaka mzima. Aliongea nao, hakuongea na sajini.

"Nilimwambia asishuke kule," alisema. "Nilimwita. Nikamwambia Alfonsi, rudi njiani, watu wanakusubiri, kule hakukuhusu. Hakusikia. Unajua alivyo."

"Kule wapi?" aliuliza Hellena kutoka kwenye kundi. Hakuwa polisi, lakini ndilo lilikuwa swali.

Fortunata alimtuma askari mwenye bunduki na vijana wawili wenye nguvu washuke na kijia mpaka mwisho wake. Hawakukawia. Waliita kutoka chini kwamba ng'ambo ya korongo kuna shimo la kupasulia mbao, msumeno mrefu umefichwa chini ya majani, vumbi la mbao limejaa kama unga mashineni, na mbao zimepangwa tayari kusafirishwa, mbao za msitu wa hifadhi ambao hakuna aliyeruhusiwa kukata hata mpini wa jembe. Ndiyo maana Isdori alitaka klabu ipite Malonje. Ndiyo maana aliwakimbia waimbaji, alipoona Alfonsi, akirudi kuangalia wachovu, anashuka na kijia kile. Na fimbo aliyoikuta imelazwa njiani ilikuwa zawadi: ina mwenyewe anayejulikana, na mwenyewe hayupo.

Isdori aliketi chini. Alivua kofia akaiweka gotini, akasema alikusudia kumtisha tu.

Hapo Fortunata alinyoosha mkono kwa ajili ya pingu, akakumbuka ziko wapi. Kituo kilikuwa kimempa jozi moja tu. Alisogea ukingoni mwa kichaka, akatoa ufunguo, akamwambia Masunga kwamba ameachiwa, yuko huru, kesho haendi mahakamani wala popote, atoke aje afunguliwe.

"Asante, afande," ilisema sauti ya Masunga, shwari, kutoka chini ya shuka. "Lakini amesimama njiani."

Fortunata aligeuka. Mama Ngeleja alikuwa amekwisha kujifunika tena na anainua kibuyu. Klabu nzima ilijibana kwenye ukuta wa udongo kumpisha, wengine wakipiga makofi, wengine wakiinama, na yeye akimjibu kila mmoja salamu yake, kikamilifu, kwa mwendo wa mwanamke ambaye maziwa yake hayajawahi kumwagika. Polisi walisubiri. Mhalifu alisubiri. Hata ngoma zilisubiri.

"Masunga," ilinong'ona sauti ya Leonsi kichakani, "ameshapita?"

"Bado. Tulia hivyo hivyo."